Hodi Tatu

Bi Mchanga Faki, wa Gando,
siku kumi na tisa aliamka saa nane za usiku,
akapapasa ukuta, akapapasa kopo la maji,
akameza kidonge cha presha gizani
kwa sababu simu ilimwambia.

Simu niliiambia mimi.

Karani wa kliniki aliandika "saa 2":
saa mbili, jua limeshapanda, chai imeshanyweka.
Programu yangu ikasoma mbili ya kwao,
wanaoianza siku watu wamelala.
Nami kule Wete, ghorofani, juu ya duka la vitambaa,
kila kitu kwenye kioo changu kilikuwa kijani:
ujumbe umetumwa, umefika, umesikilizwa.

"Nilijua daktari ana yake," alisema.
"Nikasema labda dawa hii haitaki jua."
Alikuwa akichambua karafuu, vikonyo huku, karafuu huku,
wala hakuninyanyulia uso mpaka alipomaliza fungu.

Fomu ilikuwa na swali: Mtumiaji anajua kusoma?
Mjukuu wake Shaame alishajibu: Hapana.
Lakini bibi akateremsha bahasha juu ya kabati,
barua za marehemu mumewe kutoka Tanga,
Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu,
akanisomea moja bila kukwama
hadi palipokuwa na mambo yao wawili. Akaikunja.
Nikaomba nijaribu nyingine.
Mimi, niliyezikalia herufi hizo hizo utotoni kwa bakora,
bila fat-ha wala kasra nilipotea mstari wa pili.

Basi nikafungua kompyuta palepale mkekani.
Herufi: hizo zake, na ziwe kubwa,
maana jicho la kushoto lina mtoto wa jicho.
Saa: ihesabiwe tokea jua linapotoka.
Ramadhani: kidonge kihamie daku, kama daktari alivyopanga.
Mtandao: usitegemewe.
Huja ukisimama mlangoni pa choo,
na mvua ikinyesha hauji hata hapo.

"Na sauti?" nikamuuliza.

"Hiyo ndiyo hasa niliyotaka kukwambia.
Si mbaya. Mtoto wa watu anasema vizuri.
Lakini anaingiaje ndani mwangu bila hodi?"

Sikuwa na kitufe cha hilo.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka
mahali fulani njiani, kabla ya kufika Wete.
"Mashine ibishe hodi?" Rukia aliniuliza ofisini.
Ibishe, nikamwambia, na ingoje kukaribishwa.
Chaguo-msingi, chaguo-msingi, tuliligonga neno hili kila siku,
hatukuuliza msingi wenyewe ni wa nyumba ya nani.

Siku nne. Mistari arubaini na moja.
Hodi. Inanyamaza, inasikiliza.
Hodi. Inanyamaza zaidi.
Ya tatu ikikosa jibu, haisukumi mlango:
inageuka kama mgeni aliyelelewa,
inapita kwa jirani, kwa Bi Riziki,
inamwambia, kamtazame mwenzio.

Asubuhi ya kwanza sikunywa chai.
Saa mbili. Zetu.
Hodi ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya,
na chini dukani mtu anapasua kitambaa, khaaa,
na Rukia kasimama nyuma ya kiti changu
na kikombe ambacho hakinywi.
Jina la Bi Riziki lilikuwa limeshajitokeza kwenye kioo
hodi ya tatu ilipopokewa,
na yale maneno yakajiandika pole pole,
kulia kwenda kushoto,
Rukia akinisomea begani:

Karibu, mwanangu.
Viatu vua hapo nje.